Nyumba Yangu Nyuma ya Kamionete

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Leo nyumba yangu imetembea barabarani, na minye ndiye niliyeivuta.

Niandike vizuri, kwa sababu kesho nitasahau. Ziwa lilitutoa mu nyumba yetu ya Kavimvira mwezi wa tano. Maji yaliingia jikoni, kisha chumbani, na sasa samaki ndio wanalala pale tulipolala. Tangu siku ile tuko mu karavani, minye, muke wangu Louise na binti yetu Délice wa miaka tisa. Karavani ni nyumba ya bati nyeupe juu ya magurudumu mawili. Iko na vitanda viwili, meza ya kukunja na dirisha la plastiki. Padri muzee niliyemuendesha miaka kumi na moja aliniachia aliporudi kwao Ubelgiji. Ilikuwa nyuma ya parokia, kuku wanataga ndani, na watu walinicheka nilipoipakaa rangi. Ziwa lilipopanda hawakucheka tena.

Sasa parokia inataka uwanja wake. Yaya Onesphore, kaka yangu mukubwa, akanipigia simu: "Mudogo yangu, nimepata parseli, kiwanja kizuri, Kiliba. Leta nyumba yako, weka pale. Ni ya muda kidogo, ile yako kabisa ninakutafutia."

Tulitoka saa moja asubuhi. Kamionete yangu ni Toyota ndogo yenye umri wa kuoa, na karavani ikikaa nyuma yake, ni kama mbuzi anavuta ng'ombe. Lakini kuna ufundi. Mizigo mizito, yaani maharagwe, bido za maji na masufuria, yote inakaa katikati na mbele kidogo. Ukiiweka nyuma, karavani inaanza kutikisa mukia, na mukia ukitikisika, ni weye unaenda mu mutaro. Vitesi ya pili, gia nzito, ku muteremuko. Kona unaizunguka kwa mbali. Freni pole pole, kwa sababu nyumba haijui kwamba gari imesimama.

Ku bariere moja askari akazunguka nyumba mara mbili, kisha akaniuliza: "Hii iko na adresi gani?" Nikamwambia aandike Kiliba, kesho tutaona. Tulicheka wote. Tulifika saa nne, na Louise akaimba njia yote.

Jumanne, tarehe 8

Nimeweka mawe nyuma ya magurudumu. Délice ameingia masomo mupya, shule ya hapa Kiliba.

Jumamosi, tarehe 12

Yaya amekuja na jeep yake, na muntu wa kupima viwanja aliyebeba daftari. Kabla ya kufika alinipigia: "Washeni moto nje. Anikeni nguo, ionekane kwamba kuna watu." Louise akaanika hata nguo zilizokuwa safi. Mupimaji akatembea, akapiga foto ya karavani, ya nguo, ya moto, ya Délice na bakuli yake ya uji, akaandika. Yaya akanishika bega mbele yake, akacheka, akampa Délice biskuti.

Niko na bahati ya ndugu. Baba alikufa nikiwa darasa la nne. Yaya ndiye aliyeuza ng'ombe wa baba ili nijifunze kuendesha gari. Kila safari ninayofanya, vitesi ya kwanza ni yake.

Jumapili, tarehe 20

Mvua. Nilikwenda misa na viatu mkononi.

Alhamisi, tarehe 24

Tumehama. Yaya alipiga simu jana jioni. Parseli ya Kiliba iko na maneno, tupeleke nyumba Sange, kuna nzuri zaidi. Louise alikuwa amepanda mboga ya lengalenga mistari miwili, imeanza kutoa majani. Akaing'oa kwa mizizi, akaifunga mu kitambaa kilicholowa maji.

Barabara imeharibika. Ku muto mumoja maji yalipita juu ya daraja, nikashuka, nikakunja suruali mupaka magoti, nikatembea mbele kupima kina kwa fimbo. Wapita njia wakakaa ukingoni kuangalia, wengine wakinunua karanga. Muzee mumoja akasema, "Weye ndiye muntu wa kwanza naona anatorosha nyumba." Tulivuka. Ambreyaji, yaani klachi, inanuka, nimeanza kuihurumia.

Parseli ya Sange iko kwenye mteremko. Kurudisha karavani nyuma ni kazi ya watu wawili na moyo mumoja. Unataka nyumba iende kuume, unazungusha usukani kushoto. Louise anasimama nyuma, mimi ninamusikiliza. Amenielekeza vibaya mara moja tu, na mara hiyo tulikuwa tumegombana asubuhi.

Ijumaa, tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Tumegombana tena.

Louise alikuwa anapepeta mchele. Hakuniangalia. Akasema: "Michée, iko neno moja linanisumbua. Kama yaya yako iko na parseli ya Kiliba na iko na ya Sange, kwa nini hapana moja yetu?"

"Anatafuta nzuri."

"Na karatasi je? Uliona karatasi hata moja?"

Nikakasirika. Nikamwambia kwetu mudogo haombi karatasi kwa mukubwa aliyemulea. Ukiomba, ni kama umehesabu chakula alichokupakulia, kijiko kwa kijiko. Baba angefufuka anichape.

Louise akasema, "Basi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akaendelea kupepeta. Nilitoka nikaosha kamionete iliyokuwa safi.

Jumamosi, tarehe 9

Mupimaji yule yule, daftari lile lile. Tena moto, tena nguo. Safari hii yaya alimuambia Délice akae mulangoni na kitabu. Délice akaniuliza baadaye kama anko ni muntu wa sinema. Nilimukemea.

Jumatano, tarehe 13

Radiatere inavuja. Nimeziba na sabuni.

Jumatatu, tarehe 18

Mvua siku tatu. Dirisha la plastiki limepasuka kwenye kona, Louise ameshona mufuko wa unga juu yake.

Jumamosi, tarehe 23

Tumehama mara ya tatu. Lubarika.

Yaya alikuja mwenyewe Sange asubuhi, safari hii na soda za watoto, ingawa niko na mutoto mumoja tu. "Hii ya Lubarika ni ya mwisho," akasema. "Ukikaa pale mupaka watu wa karatasi wapite, nitakupa yako Kamanyola. Karibu na soko. Louise atauza."

Louise alimuangalia machoni. "Ni neno lako, yaya?"

"Ni neno langu, shemeji."

Basi nikafunga nyumba nyuma ya kamionete. Kutoka barabara kubwa kuelekea Lubarika njia ni ya matope mekundu. Gurudumu ya nyuma ilizunguka bure, nikaweka majani ya ndizi chini yake, tukapita. Lakini tulipofika nikasimama nikiwa mu gari, mikono juu ya usukani.

Parseli ilikuwa imelimwa. Mihogo, mistari kumi na tano hivi, imefika kiunoni. Karibu na mugomba kulikuwa mawe matatu ya jiko na jivu lililolowa mvua.

Nikamuuliza yaya: "Hii mihogo ni ya nani?"

"Ya mama mumoja aliyerudi kwao Burundi. Udongo hauna mwenyewe."

"Muntu aliyepanda muhogo haendi mbali."

Akacheka. "Mudogo yangu, weye uko dereva ao uko shefu wa kijiji? Ingiza nyumba."

Niliingiza. Nisiandike hapa kwamba nililazimishwa. Niliweka vitesi ya nyuma, nikazungusha usukani, na Louise alikataa kusimama nyuma kunielekeza. Yaya ndiye aliyenielekeza. Nilisikia miti ya muhogo ikivunjika chini ya magurudumu, moja, moja, kama vidole. Yaya alisema tu, "Bado, bado, haya, basi."

Jumapili, tarehe 24

Sikwenda misa.

Jumatano, tarehe 27

Mupimaji alipita. Sikuwasha moto. Yaya aliuwasha mwenyewe, akiwa na shati nzuri, akipuliza mupaka machozi.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili

Mvua. Délice hajaenda masomo wiki nzima. Anasema walimu wa masomo mawili ya kwanza bado wako na daftari zake.

Alhamisi, tarehe 5

Mwenyewe amerudi.

Nilikuwa chini ya kamionete nafunga bomba, nikaona miguu. Miguu ya mama muzee, matope mupaka kwenye vifundo, na kikapu kilichowekwa chini pole pole. Nilitoka. Anaitwa Mama Pudentienne Nshimirimana. Alikuwa amevuka muto Ruzizi kwenda kumuhudumia binti yake aliyejifungua, kama mama yeyote anavyofanya, miezi mitatu ya kumwogesha mutoto na kumupikia mwenye kuzaa uji. Alirudi na mbegu ya maharagwe mu kikapu. Akakuta nyumba nyeupe yenye magurudumu imekaa juu ya mihogo yake.

Hakupiga kelele. Alizunguka karavani kama yule askari wa bariere, lakini hakucheka. Akainama, akashika muhogo uliolala chini ya gurudumu, akautikisa kuona kama mzizi bado unashika.

"Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "weye uko nani?"

Nikamwambia niko mudogo wa Onesphore, ametupatia mahali kwa muda.

"Onesphore ni nani?"

Hilo sikuwa nimelitarajia. Nilikuwa nimefikiri labda walipatana vibaya, labda deni, labda maneno ya mpaka. Kumbe mama huyu hajui hata jina lake. Louise alimupa kiti, akakataa kukaa. Alikwenda kwa jirani, na tangu pale tunamuona asubuhi na jioni, anasimama ku ukingo wa shamba lake, anatuangalia tunavyokula.

Nilimupigia yaya. Akasema: "Huyo mama ni muchokozi. Usimujibu."

Jumanne, tarehe 10

Leo nimejua.

Nilipakia ndizi Luvungi kupeleka Uvira, bila karavani, kamionete ilikimbia kama iliyotoka gerezani. Kiliba nikasimama kutia maji mu radiatere, karibu na parseli tuliyokaa mwezi wa kumi. Kuna ukuta sasa, mistari saba ya matofali, na muntu mumoja anapanga mengine. Jina lake Hyacinthe, alijitambulisha mwenyewe, muntu mwema, alinipa ndoo.

Akaniangalia, akacheka. "Weye si ndiye sentineli wa Onesphore? Niliona foto yako mu dosié ya karatasi za parseli. Weye na muke yako na mutoto, na ile nyumba ya kizungu."

"Sentineli gani?"

"Si ulilinda parseli hii miaka tano? Imeandikwa. Bila weye nisingeinunua. Udongo bila muntu ndani, serikali inaweza kuuchukua, na minye sipendi matatizo."

Maji yalifurika juu ya radiatere, yakanimwagikia miguuni. Alidhani nimechoka. Akanieleza, kwa upole, vile biashara inavyoenda. Parseli isiyokaliwa haina mwenye nguvu. Ukitaka karatasi, onyesha kwamba unaikalia: moto, nguo, mutoto, nyumba. Wengine wanajenga kibanda cha manjanja, bati tupu, kinaibwa. "Lakini yaya yako iko na akili," akasema akiangalia uso wangu, kisha akajisahihisha: "patron yako."

Sikumusahihisha. Nilimushukuru kwa ndoo.

Njia yote mupaka Uvira nilikuwa nahesabu. Kiliba, Sange, Lubarika. Mara tatu nilifunga nyumba yangu nyuma ya kamionete, nikachoma ambreyaji yangu, nikamutoa mutoto mu masomo, nikidhani yaya ananitafutia mahali. Kumbe minye ndiye nilikuwa moto na nguo za kuanika. Minye ndiye bakuli ya uji. Niliuza ndizi, na mama aliyenunua aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Louise nilimuambia yote jioni. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alinipakulia kwanza.

Ijumaa, tarehe 13

Yaya amekuja Lubarika. Nilimungojea nje ya karavani, nimesimama. Sikumupa kiti, na sijawahi kufanya hivyo mu maisha yangu.

Nikamuuliza: "Kwa nini sentineli?"

Hakukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliketi mwenyewe juu ya mukono wa karavani, pale inapofungwa ku kamionete, akajipangusa matope ku kiatu.

"Neno la karatasi tu, Michée. Nikiandika mudogo wangu, kesho parseli inakuwa ya familia. Weye utaomba fungu, Délice ataomba, na watoto wa shangazi watatoka Lemera kuomba. Sentineli haombi. Nililinda wote."

"Ulinilinda minye?"

"Nilikulea minye. Niliuza ng'ombe."

"Ng'ombe wa baba."

Akapangusa kiatu cha pili. Kisha akatoa sauti ile ya utoto wetu, ya kunibembeleza nisiogope radi. Akasema Mama Pudentienne amepeleka maneno kwa shefu wa kijiji. Jumamosi ijayo kutakuwa kikao. Kitu kimoja tu: niseme mbele ya watu kwamba niko hapa miaka tano na mihogo nilipanda minye. "Siku ileile nitakupa parseli ya Kamanyola, na karatasi, na jina lako juu yake. Neno moja, mudogo yangu. Muke yako atakuwa na mulango wake."

Aliondoka. Alikuwa ameacha soda tatu juu ya hatua ya karavani.

Jumatatu, tarehe 16

Mvua inapiga bati mupaka hatusikiani. Louise amesema kitu kimoja tu: "Nataka mulango. Lakini sitaki kupita juu ya muhogo kila asubuhi kwenda kuufungua."

Sijui nitasema nini Jumamosi. Niandike ukweli: kuna saa ninataka ile parseli ya Kamanyola.

Alhamisi, tarehe 19

Mvua. Mama Pudentienne alisimama ku ukingo na jani la ndizi juu ya kichwa.

Jumamosi, tarehe 21

Kikao kilikuwa mu shamba lenyewe, kwa sababu shefu alitaka kuona kwa macho. Alikuja na wazee wawili, na mama wa Lubarika kama ishirini walikuja bila kuitwa, majembe begani. Yaya alivaa koti. Mvua ilikuwa imesimama tangu asubuhi.

Yaya alisoma karatasi yake. Kifaransa, kisha Kiswahili. Parseli inakaliwa tangu mwaka 2019 na sentineli wake, muke wa sentineli, na mutoto. Mama Pudentienne alisema maneno machache tu: nilipanda, nilikwenda kwa mwanangu, nilirudi.

Shefu akanigeukia. "Weye uko nani wa Onesphore?"

Kabla sijafungua kinywa, yaya akajibu: "Ni sentineli wangu."

Nilimuangalia. Nilimupa nafasi. Sisi wawili tuna pua moja, ya mama, hata kipofu angeijua. Shefu mwenyewe aliangalia pua yake, akaangalia yangu, akauliza tena: "Hamuko ndugu?"

"Ni muntu wa kazi tu," yaya akasema.

Nikapiga hatua mbele ya yaya. Nikasema:

"Shefu, sentineli anajua siku aliyoanza kazi. Minye nilianza tarehe 23 mwezi uliopita. Nilikuja na hii nyumba nyuma ya hii kamionete, ikitoka Sange, na Sange ilifika ikitoka Kiliba. Mihogo niliikuta, imefika hapa." Nikaonyesha kiuno. "Niliikanyaga minye, na magurudumu yangu. Mama huyu sikumujua. Ni shamba lake."

Shefu akatuacha pale. Alikwenda mupaka karavani, akapiga magoti na suruali yake nzuri, akaangalia chini. Miti ya muhogo ilikuwa pale, imelala, imekuwa njano kwa kukosa jua, mizizi bado udongoni. Akang'oa mumoja, akauinua watu waone.

"Muntu aliyekaa hapa miaka tano," akasema, "analaza nyumba juu ya chakula chake mwenyewe?"

Mama wote walicheka kwa pamoja. Sikuwahi kusikia kicheko kama kile. Yaya alikunja karatasi yake mara nne. Alipopita karibu yangu akasema pole pole, kwa sauti ya nyumbani: "Shukrani ya punda ni mateke." Jeep iliondoka. Shefu aliamua shamba ni la Mama Pudentienne, wazee wakakubali.

Nilikwenda kwake. Sijui nilitarajia nini. Labda kiti.

"Umesema kweli," akaniambia. "Mungu akuone. Sasa toa nyumba yako mu muhogo wangu."

"Mama, udongo umelowa. Nipe mupaka Jumatatu, nitafute mahali."

"Minye nilitafuta mahali siku kumi na sita, mwana wanje, nikisimama pale." Akaonyesha ukingo. "Leo."

Alikuwa na haki, na niliuma meno. Nikafunga karavani, Louise akapakia bido, Délice akaingia mbele. Kamionete ikazunguka matope, ikashuka mupaka ekseli. Mara mbili, mara tatu. Ambreyaji ikatoa moshi. Nilishuka nikiwa tayari kulia mbele ya watu.

Mama Pudentienne akaweka jembe chini. Akawaita wale mama kwa Kirundi, wakaja wote ishirini, wakaweka mikono yao nyuma ya nyumba yangu. Walihesabu, wakasukuma. Kamionete iliruka kutoka mu matope, karavani nyuma yake, tukafika njiani kwa pumzi moja. Nilitoa kichwa dirishani kuwashukuru. Walikuwa wamekwisha geuka, wameinama, wanainua miti ya muhogo na kuikandikia udongo. Walisukuma hivyo ili tuondoke.

Jumapili, tarehe 22

Tuko kando ya barabara Luvungi, nyuma ya soko. Wenye soko wametupa mupaka Jumatano asubuhi, kwa sababu Jumatano wanahitaji mahali pa kuchinja. Nimeweka mawe nyuma ya magurudumu. Délice amesoma kwa sauti mulangoni, bila kuambiwa na muntu.

Yaya amepiga simu mara tatu. Sikuchukua. Mara ya nne Louise akachukua telefone toka mkononi mwangu. Nilisikia sauti yake, ile ya kubembeleza, ikiuliza Michée iko wapi, kuna parseli nyingine Kamanyola, aje haraka na nyumba.

Louise akamusikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema, pole pole, kwa heshima yote ya shemeji:

"Sentineli wako ameacha kazi tangu jana, yaya. Tafuta mwingine."

Akakata, akarudi kuchagua maharagwe.